Ahmad ibn Majid: Mwalimu aliyepima bahari kwa kidole

JINA la Ahmad ibn Majid huzuka kila inapoulizwa ni nani aliyemwongoza Mreno Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mnamo 1498. Hata hivyo, sifa kuu ya baharia huyo haitokani na safari hiyo, bali na maandishi yake kuhusu elimu ya kuongoza vyombo baharini.

Ibn Majid alizaliwa karne ya 15 mjini Julfar, ambako leo ni Ras al-Khaimah katika Milki za Kiarabu. Baba na babu yake walikuwa warubani wa Bahari ya Shamu. Enzi hizo, mtaalamu aliyeelekeza chombo aliitwa mwalimu, na cheo hicho kilifahamika pia katika pwani yetu.

Usiku, mwalimu alinyoosha mkono, akakinga kibao kati ya jicho lake na upeo wa bahari, kisha akahesabu nyota ilikuwa vidole vingapi juu ya maji. Duara zima la mbingu lilihesabiwa kuwa vidole 224. Kwa hivyo, kidole kimoja kilikuwa digrii 1.6 hivi, sawa na takriban kilomita 178 kwenda kaskazini au kusini.

Hapo ndipo palipokuwa na hatari. Wanda wa mtu mmoja si wanda wa mwenzake, wala mikono hailingani urefu. Walimu wawili wangeweza kutazama nyota moja, usiku mmoja, wakatoa hesabu mbili. Tofauti ya robo kidole ilitosha kukipotosha chombo kwa kilomita 45: nahodha aliyekusudia Mambrui, katika eneo la Magarini, angetokea kusini ya Watamu, penye miamba.

Kibao chenye kipimo maalumu kilipunguza tofauti za vidole. Uzi wenye mafundo, ulioshikwa kwa meno, uliondoa tofauti za urefu wa mkono. Lililosalia lilikuwa jicho na uzoefu wa mpimaji, na hapo Ibn Majid hakuwa na simile. Katika kitabu chake kikuu, Kitab al-Fawa'id, kilichokamilika mnamo 1490 hivi, aliwakosoa magwiji waliomtangulia kwa kukusanya habari bila kuzijaribu baharini. Mafunzo mengine aliyatunga kwa mashairi ili yahifadhiwe kwa moyo.

Viwanda vya leo hufuata busara iyo hiyo. Wakaguzi kadhaa hupewa bidhaa zile zile, kila mmoja akapima zaidi ya mara moja. Wakipishana mno, bidhaa haihukumiwi hadi kipimo chenyewe kirekebishwe.

Kuhusu Da Gama, mwanahistoria wa Makka, Qutb al-Din al-Nahrawali, ndiye aliyemtaja Ibn Majid katika karne ya 16, na Mfaransa Gabriel Ferrand akaieneza habari hiyo karne ya 20. Kumbukumbu za Wareno zinamtaja mtu mwingine, baadhi zikisema alitoka Gujarat, na wataalamu wengi sasa wanakubaliana nazo. João de Barros aliandika kwamba rubani huyo hakushangazwa na vifaa vya Wareno, kwa kuwa mabaharia wa huku walikuwa na chao, cha vibao vitatu.

Kwa hivyo, si haki kumtwika Ibn Majid lawama ya kuwafungulia Wareno njia. Alichoacha ni elimu, ikiwemo utenzi kuhusu njia ya Sofala, uliohifadhiwa Urusi na kuchapishwa huko mnamo 1957.