J.M. Kariuki, Mtoto wa Kabatini

Jumapili iliyopita tulipomaliza habari za Nabothi na shamba lake la mizabibu, vijana wawili walinifuata nje wakaniuliza kama mambo ya namna hiyo yamewahi kutokea kwetu. Nikawaambia siku wakienda Nairobi, matatu ikifika Gilgil, wakumbuke kuna kaburi pale. Wakaniangalia kama nimewatajia mtu wa Agano la Kale. Mmoja alikuwa amesikia jina, lakini kama jina la hospitali ya Ol Kalou tu. Basi leo nawaandikia habari za Josiah Mwangi Kariuki, yule wazee wetu wanamwita J.M.

Alizaliwa Machi 1929 hapa karibu, Kabatini, upande wa Bahati. Wazazi wake walikuwa wametoka Nyeri kutafuta kazi, wakawa maskwota katika shamba la mzungu. Skwota, kwa wale hamjui, ni mtu analima ardhi ambayo haiwezi kuwa yake, na analipia kwa jasho ruhusa ya kukaa pale. J.M. aliingia shule mwaka 1938 akatoka upesi, karo ikakosekana. Miaka kadhaa akawa kibarua wa shamba.

Halafu kuna jambo ambalo kama mchungaji msaidizi ningependa kuliruka, lakini ni kweli na yeye mwenyewe hakulificha. Mwaka 1946 aliweka pesa kwenye mashindano ya farasi hapa Nakuru, farasi wake akashinda, na hizo pesa zikamrudisha shuleni. Vijana, tafadhali, mtu asitoke na aya hii mpaka kwenye duka la betting. Wengi waliweka pesa siku ile na hatujui majina yao. Nilichojifunza mimi, na nilisomea biashara, ni vile alivyoutumia ule mtaji. Kijana wa miaka 17, kibarua, anashika pesa nyingi mara ya kwanza maishani, na anaenda kununua daftari. Alisoma mpaka akafika sekondari kule Uganda.

Aliporudi mwaka 1952, hali ya hatari ilikuwa imetangazwa. Akafungua hoteli hapa Nakuru, hoteli ya chai na chakula, na chini ya biashara hiyo akawa anasaidia Mau Mau. Mwaka 1953 wakamkamata. Alikaa kizuizini kama miaka saba, akihamishwa kambi baada ya kambi, Manyani ikiwa mojawapo. Huko alipigwa, na huko huko akawa mtu wa kuwaandikia wenzake barua za malalamiko kwa wakubwa, akijua akipatikana ni kiboko tena. Baadaye, mwaka 1963, alitoa kitabu cha maisha hayo ya kambini, moja ya vitabu vya kwanza vya Mau Mau vilivyoandikwa na mtu aliyekuwa ndani.

Uhuru ulipokuja alikuwa karibu sana na Mzee Kenyatta, akiwa katibu wake. Akawa Mbunge wa upande wa Nyandarua, akawa waziri msaidizi. Na tuseme ukweli, akawa tajiri. Alikuwa na shamba kubwa Gilgil, na farasi wa mashindano pia, fikiria, yule kibarua wa 1946. Watu wengine humsifu J.M. kama mtakatifu wa maskini. Sidhani hesabu zake zinakubali hivyo. Alikula na wale aliowalaumu. Lakini kuna wengi walishiba wakanyamaza, na yeye alishiba akaendelea kusema. Alisema uhuru haukupiganiwa ili watu wachache wachukue mashamba ya wazungu na wale waliomwaga damu wabaki bila kitu. Alionya kwamba tunajenga nchi ya mamilionea kumi na maskini milioni kumi. Harambee zake alitoa pesa nyingi, na watu wakampenda, na ndio ikawa shida. Ikafika mahali mikutano yake inanyimwa leseni. Uchaguzi wa 1974 karibu asiruhusiwe kujitetea kwa wananchi, na bado alishinda kwa kura nyingi sana.

Machi 2, 1975, siku ya Jumapili, alionekana Nairobi katika hoteli ya Hilton. Mashahidi walikuja kuieleza kamati ya Bunge kwamba aliondoka pale pamoja na Ben Gethi, kamanda wa GSU. Hakurudi nyumbani.

Kesho yake mchungaji wa ng'ombe, Mmaasai, alikuta mwili kichakani katika vilima vya Ngong. Umepigwa risasi, na umeharibiwa ili usitambulike. Huyo mtu hakuwa na cheo wala ulinzi, angeweza kuswaga ng'ombe wake akapita. Alitoa habari. Mwili ukapelekwa mochari ya City, Nairobi, ukawekwa kama wa mtu asiyejulikana.

Hapo ndipo roho yangu husimama kila nikisoma. Zaidi ya wiki moja familia inatafuta, Wabunge wanauliza, na gazeti linaandika ati J.M. yuko Zambia. Zambia! Na yeye amelala mochari, mji ule ule. Mwishowe wake zake waliingia wakamtambua. Hakuwa amefikisha miaka 46. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana, na watu wakajaa Gilgil kumzika.

Kenya ilikuwa imeshaona Pio Gama Pinto akiuawa 1965 na Tom Mboya 1969. Safari hii Bunge lilikataa kuambiwa lingoje. Liliunda kamati, mwenyekiti Elijah Mwangale, na Juni ripoti ikaletwa. Ilitaja maofisa wakubwa wa polisi kuwa wachunguzwe zaidi. Lakini kabla ya kusomwa, majina mawili ya watu wa karibu na Rais yaliondolewa kwa amri yake. Wale mmefanya kazi ya uhasibu mnaelewa: ukiona ukurasa umeng'olewa kwenye kitabu cha hesabu, huhitaji tena kuuliza kama kuna kitu kimepotea, unauliza tu ni kiasi gani.

Serikali ilitaka ripoti isikubaliwe. Bunge likapiga kura, 62 kwa 59, ikakubaliwa. Masinde Muliro alikuwa waziri, John Keen na Peter Kibisu wasaidizi wa mawaziri. Walipiga kura dhidi ya serikali yao na wakafutwa kazi. Oktoba mwaka huo Martin Shikuku na Jean-Marie Seroney, yule wa Tinderet ambaye alikuwa naibu wa spika, walikamatwa pale pale Bungeni, na hawakuachiliwa mpaka Desemba 1978, Mzee akiwa ameshafariki. Kwa mauaji yenyewe, hakuna hata mtu mmoja aliyehukumiwa mpaka leo.

Kabla ya kuandika haya nilienda kumuuliza mzee wetu mmoja wa kanisa, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa kuuza viazi Gilgil. Tulikuwa wawili tu sebuleni kwake, mama ameenda sokoni. Alinieleza vizuri habari za viazi, bei yake, magunia, lori lililoharibika. Nilipotaja J.M. aliinuka, akafunga mlango, ndipo akarudi kukaa.