Placide Tempels, padri Mbelgiji aliyepata jamaa yake katika kambi za Kolwezi

Kila anayesema Kiswahili anajua neno jamaa. Lakini huko Kolwezi, katika kambi za wafanyakazi wa Union Minière, neno hilo lilipata maana mpya kuanzia mwaka wa 1953, na aliyekuwa chanzo chake ni mgeni: padri Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji.

Alizaliwa Berlaar tarehe 18 Februari 1906, akaitwa Frans. Jina la Placide alipewa alipoingia katika shirika la Wafransisko. Alipadirishwa mwaka wa 1930, na mwaka wa 1933 akafika Kongo, akatumwa Katanga kwa Waluba wa upande wa Kamina. Miaka ya kwanza alifanya kama wamisionari wengi wa wakati ule: alifundisha, aliamuru, alikataza. Watu walimwitikia, kisha wakaendelea na mambo yao. Ndipo akageuza kazi, akawa anauliza na kusikiliza.

Aliyoyasikia yalizaa kitabu, La philosophie bantoue, kilichotoka Elisabethville (Lubumbashi ya leo) mwaka wa 1945. Kilisema kwamba Mbantu ana falsafa yake, na kiini chake ni nguvu ya uhai. Leo hilo halimshangazi mtu, ila enzi za ukoloni liliudhi wakubwa. Askofu Jean-Félix de Hemptinne hakupendezwa nalo. Tempels alienda Ubelgiji mwaka wa 1946, akakaa huko hadi 1949. Lawama zilitoka upande mwingine pia: Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, aliona kwamba kumsifu Mbantu kwa falsafa bila kugusa mshahara wake kunamfaa mkoloni. Lawama hiyo ilikuwa na uzito.

Aliporudi, kazi yake ilimfikisha Kolwezi, kwenye kambi za Ruwe na Musonoi. Huko wengi walikuwa wageni kama yeye. Walitoka Kasai, wengine Ulunda, wengine Uluba, na nyumba waliyolala ilikuwa ya kampuni: kazi ikiisha, nyumba nayo imekwenda. Shule, hospitali, posho, vyote vilitoka kwa kampuni, na padri mwenyewe alionekana kama mtu wake.

Tempels aliingia nyumbani kwa watu. Aliketi na bwana na bibi pamoja, si mwanamume peke yake, wakazungumza kwa Kiswahili juu ya ndoa, watoto na vifo. Mafundisho yalisimama juu ya maneno machache: umuntu, uzima, uzazi, mapendo. Walioingia katika Jamaa waliitana baba na mama bila kuuliza kabila. Waliotangulia waliwazaa wengine kiroho, na hapo ndipo palipokuwa na jambo zito: hata padri mzungu aliweza kuwa mtoto wa mfanyakazi wa mgodi na mke wake. Katika mji ambamo mzungu na mweusi hawakukaa mtaa mmoja, hiyo haikuwa hatua ndogo.

Jamaa ikaenea katika miji ya shaba, kisha ikavuka hadi Kasai. Kadiri ilivyokua, wakubwa wa Eklezia walizidi kuitilia mashaka. Walisikia juu ya mafundisho ya siri, na juu ya vikundi vilivyopotoka. Mwaka wa 1962, Katanga ikiwa bado imejitenga, Tempels alirudi Ubelgiji. Roma ilichunguza kazi yake. Hakurudi tena Kongo.

Wale aliowaacha walibaki na mzigo. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliibana Jamaa, na watu waliokuwa nguzo za parokia zao wakatakiwa kuchagua kati yake na Eklezia. Wengine waliiacha, wengine waliendelea kukutana kando.

Baba Placide, kama walivyomwita, alikuwa katika konventi ya Hasselt. Alifariki huko tarehe 9 Oktoba 1977, akiwa na miaka 71.