Mifflin Gibbs: Hakimu Aliyewahi Kunyimwa Ushahidi

Wenzangu, kila Februari hapa Marekani tunasikia majina yale yale: Douglass, Tubman, King. Safari hii nawaletea mzee mmoja ambaye Arkansas na Canada wanamjua vizuri, na sisi wa Bahari ya Hindi tunastahili kumjua pia.

Mifflin Wistar Gibbs alizaliwa Philadelphia mwaka 1823, mtoto wa mchungaji wa Kimethodisti. Hakuzaliwa mtumwa. Baba alifariki Mifflin akiwa na miaka 8, hivyo akaanza vibarua mapema, baadaye akajifunza useremala. Huko huko Philadelphia alisaidia watu waliotoroka utumwa, na mwaka 1849 alizunguka jimbo la New York akihutubia pamoja na Frederick Douglass.

Mwaka 1850 akafuata dhahabu California, kama wengi wa wakati ule. Alikuwa fundi mzuri, lakini mafundi wazungu wa San Francisco hawakutaka kufanya kazi naye. Basi akashika brashi, akawa anang'arisha viatu vya watu. Hakukaa hapo sana: yeye na mwenzake Peter Lester wakafungua duka la viatu, na biashara ikashika.

Sasa sikilizeni hii. Sheria ya California wakati huo ilikataa ushahidi wa mtu mweusi dhidi ya mzungu. Yaani mzungu akikuibia dukani kwako mchana kweupe, huna pa kusemea! Lester alipigwa ndani ya duka lao wenyewe, Gibbs akishuhudia, na hakuna hata mmoja wao ambaye mahakama ingemsikiliza. Kodi ya kichwa, lakini, walidaiwa, ingawa kura hawakuwa nayo. Walipogoma, bidhaa zao zikakamatwa na kupelekwa mnadani. Hakuna aliyenunua, zikarudishwa. Mwaka 1855 Gibbs alikuwa miongoni mwa walioanzisha gazeti la watu weusi, Mirror of the Times, kupigania mambo hayo hayo.

Mwaka 1858 alichoka. Pamoja na mamia ya weusi wengine alihamia Victoria, katika koloni la Waingereza ambalo leo ni sehemu ya Canada. Huko alifanya biashara, na mwaka 1866 akachaguliwa diwani. Halafu (wahandisi mpo?) akasimamia ujenzi wa reli ya kutoa makaa ya mawe mgodini kwenye visiwa vya Queen Charlotte, ambavyo leo vinaitwa Haida Gwaii.

Akiwa anakaribia miaka 50 ndipo akaamua kusoma sheria, Oberlin, Ohio. Wanaolalamika kwamba wamechelewa kuanza masters, mpo hapo? Mwaka 1871 akahamia Little Rock, Arkansas. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimekwisha, watumwa wa jana walikuwa wapiga kura, na chama cha Republican kilitawala jimbo. Mwaka 1873 aliteuliwa mwanasheria wa kaunti ya Pulaski, na mwaka huo huo akachaguliwa hakimu wa mji. Anatajwa kuwa mweusi wa kwanza Marekani kuchaguliwa kwa nafasi hiyo.

Kwetu hakimu anateuliwa, hapigiwi kura. Kule kura za watu weusi ndizo zilizosaidia kumweka pale, na ndiyo maana kiti kilitegemea kura hizo zitalindwa kwa muda gani. Hazikulindwa. Mwaka 1874 watu wawili waligombania ugavana kwa bunduki katika mitaa ya Little Rock, kisha Democrats wakarudi madarakani. Kufikia 1875 Gibbs hakuwa hakimu tena. Kazi yenyewe ilidumu kama miaka miwili tu, na mimi naona hiyo ndiyo sehemu inayouma kuliko ile ya California, maana safari hii alikuwa ameshinda kihalali.

Hakuacha siasa. Serikali ya Washington ilimpa kazi kwenye ofisi ya ardhi, na mwaka 1897 Rais McKinley akamteua konseli wa Marekani Tamatave, Madagascar. Alifika akiwa na miaka zaidi ya 70, kisiwa kikiwa kimenyakuliwa na Wafaransa na Malkia Ranavalona III keshapelekwa uhamishoni. Alipoondoka mwaka 1901, nafasi ilichukuliwa na William Henry Hunt, ambaye baadaye alimuoa binti yake Ida.

Uzeeni aliongoza benki Little Rock, ikafilisika mwaka 1908 na kumtia kwenye kesi. Alifariki Julai 1915, akiwa na miaka 92, katika mji ule ule aliokuwa hakimu.