THEODORE BENT: Mfukuaji wa makaburi ya Ugiriki aliyewanyima Waafrika sifa ya Zimbabwe



Hapa mpakani kila siku tunaona malori yakipanga foleni kuvuka Nakonde. Mengine ya Lusaka, mengine Lubumbashi, mengine yanateremka mpaka Harare. Bendera ya Zimbabwe wengi mnaijua, ile yenye ndege wa njano juu ya nyota nyekundu. Sasa yule ndege si mchoro wa kubuni. Ni sanamu halisi ya mawe, na kuna Mwingereza mmoja aliwahi kuzibeba sanamu zile akazipeleka mbali, kisha akaiambia dunia kwamba waliozichonga hawakuwa Waafrika. Leo tumjue huyo mtu.

Anaitwa James Theodore Bent. Alizaliwa Uingereza mwaka 1852, akasoma chuo kikuu cha Oxford na kumaliza mwaka 1875. Alikuwa mtu wa uwezo, asiyehangaika na kodi ya nyumba. Mwaka 1877 alimuoa Mabel Hall-Dare, na hapa mpeni mama huyu heshima yake. Karibu kila safari walikwenda wote, na yeye ndiye aliyekuwa akiandika shajara na kupiga picha, enzi ambazo kamera ilikuwa mzigo wa kubebwa na mtu mzima.

Mwanzoni kazi yao ilikuwa Ugiriki. Walizunguka visiwa vya Cyclades, wakajifunza Kigiriki cha mtaani, wakala na wavuvi na kulala kwenye nyumba za wanakijiji. Mwaka 1885 Bent akatoa kitabu kuhusu visiwa hivyo, na mpaka leo watafiti wa maisha ya watu wa kule wanakisoma. Kwa hiyo tusimfanye mjinga. Jamaa alikuwa na jicho na masikio.

Ila alikuwa na mkono pia. Katika kisiwa cha Antiparos alifukua makaburi ya kale, akakuta vyombo na vile visanamu vya marumaru vyenye mikono iliyokunjwa tumboni, vya zaidi ya miaka 4,000. Mwaka 1884 mzigo ule ukaingia British Museum, London. Wakati huo Ugiriki ilikuwa na sheria tangu 1834 ya kuzuia mali ya kale kutoka nje bila kibali. Sheria ilikuwepo, na mzigo ukafika London.

Mwaka 1887 alijaribu tena kisiwa cha Thasos, kilichokuwa chini ya Waturuki. Huko alikutana na kisiki. Waturuki walikuwa wameshakaza sheria yao mwaka 1884, na alivyofukua vikapelekwa kwenye makumbusho yao, Istanbul. Bent alirudi mikono mitupu. Hapo ndipo macho yake yalipoanza kuelekea kwingine. Mwaka 1889 akaenda Bahrain kufukua makaburi ya vichuguu, na safari hiyohiyo akapita Maskati.

Sasa tuje kwetu kusini. Mwaka 1890 kampuni ya Cecil Rhodes ilikuwa imeingia nchi ya Washona na kuanza kuigawa. Kule kulikuwa na magofu makubwa ya mawe, kuta zilizopangwa bila saruji wala udongo, nyingine zinafika mita 11 kwenda juu. Rhodes alitaka mtaalamu wa kuyaeleza. Akapatikana Bent, na fedha zikatoka kwenye kampuni hiyo pamoja na jumuiya za wasomi wa Uingereza.

Mwaka 1891 Bent, mkewe na mpimaji Robert Swan wakafika Great Zimbabwe wakiwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Walikaa pale kama miezi miwili. Wenyeji walikuwa wakiishi palepale kilimani, chini ya chifu Mugabe (msichanganye na yule rais). Vijana wao ndio walioshika majembe.

Walikuta nini? Ndege wa kuchongwa kwa jiwe laini, lile la aina inayochongwa Kisii. Mabakuli ya jiwe hilohilo. Vyungu vya kuyeyushia dhahabu. Vyombo vya chuma. Vigae vya China na Uajemi. Na vyungu vya udongo vingi, vya namna ileile ambayo akina mama wa pale walikuwa wakipikia siku hiyohiyo.

Hebu tulia hapo kidogo. Ukifukua sakafu ya nyumba ukakuta vyungu vinavyofanana na vya jirani, jibu la kwanza si kwamba babu zake jirani ndio walioishi humo? Kule Ugiriki Bent alifanya hivyohivyo kabisa. Aliangalia maisha ya mvuvi wa leo ili amwelewe Mgiriki wa kale. Ila alipofika Afrika, kanuni hiyo akaiweka mfukoni. Vyungu akaviona takataka za waliokuja baadaye. Ndege akawafananisha na sanamu za Mashariki ya Kati. Mwaka 1892 akatoa kitabu kilichosema wajenzi walikuwa watu wa kale kutoka Uarabuni, jamaa wa Wafoinike.

Kitabu kikauzika kweli. Na kikampa Rhodes alichokihitaji. Kama waliojenga ni wageni, basi wageni wengine kuja kuichukua nchi si jambo jipya. Mwaka 1895 ikaanzishwa kampuni nzima ya kusaka dhahabu ndani ya magofu ya nchi ile, wakavuruga makaburi na sakafu. Baadaye msimamizi mmoja wa magofu, Richard Hall, akachimba na kutupa udongo mwingi kwa madai kwamba anaondoa uchafu wa Waafrika. Udongo ule ndio uliokuwa ushahidi.

Ukweli haukuchelewa sana. Mwaka 1905 David Randall-MacIver alichimba akasema ni kazi ya Waafrika. Mwaka 1929 Gertrude Caton-Thompson akarudia kuchimba na kufikia jibu lilelile. Leo inajulikana kwamba mji ule ulijengwa na mababu wa Washona, kuanzia karne ya 11 mpaka ya 15, na utajiri wake ulitokana na ng'ombe na dhahabu. Dhahabu ilishuka mpaka Sofala, na Sofala ilikuwa mikononi mwa Kilwa. Ndiyo, Kilwa hii yetu ya Lindi! Miaka ya 1970 mwanzoni ilipatikana pale Great Zimbabwe sarafu ya shaba ya Sultani al-Hassan bin Sulaiman wa Kilwa, wa karne ya 14. Vile vigae vya China vilipita njia hiyo. Kumbe ushahidi wa umri wa mji Bent alikuwa ameushika mkononi, akauona hauna maana.

Baada ya Zimbabwe Bent hakutulia. Mwaka 1893 alikwenda Aksum, Ethiopia, kunakili maandishi ya kwenye mawe. Pale kuna jiwe la Mfalme Ezana lililoandikwa kwa Kigiriki na Kigeezi, mfalme wa Kiafrika akijitangaza kwa dunia ya wakati wake. Kisha Hadhramaut, Dhofari, na mwisho Sokotra. Huko Uarabuni malaria ikamkamata, akarudi London na kufariki tarehe 5 Mei 1897, akiwa na miaka 45. Mabel alimalizia kitabu chao cha Uarabuni na kukitoa mwaka 1900.

Na wale ndege? Bent aliwapeleka makumbusho ya Cape Town. Mwaka 1981, mwaka mmoja baada ya uhuru wa Zimbabwe, Afrika Kusini ilirudisha ndege wanne. Haikuwa bure, Zimbabwe ilitoa mkusanyiko wake wa nyuki, nyigu na sisimizi waliokaushwa kwa ajili ya utafiti. Nusu ya ndege mwingine ilikuwa Ujerumani, ikarudi mwaka 2003.

Kwa nini tunayasema haya Songwe? Kwa sababu pale Ndolezi, Mbozi, tuna kimondo kinachokadiriwa kuwa na tani 12. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpimaji aitwaye W. H. Nott. Lakini wazee wa pale walikijua zamani na wakakipa heshima yake. Nott aliandika tu. Tofauti na ndege wa Zimbabwe, chenyewe bado kipo, na uzito wake umesaidia.

Kwa hiyo vijana, ukisoma kwamba fulani aligundua kitu Afrika, uliza nani alimwonyesha njia, na nani alishika jembe. Halafu nenda kwa babu yako kamuulize anachokijua kabla hajaondoka nacho.

Wangapi mmeshafika kwenye kimondo? Na wazee wenu wanasimuliaje habari zake? Tiririkeni hapo chini kwenye maoni.