Daktari Aliyeufikia Moyo Wake Mwenyewe

Mtoto aliyezaliwa na tobo moyoni aweza leo kutibiwa pasipo kupasuliwa kifua. Daktari huingiza mrija mwembamba katika mshipa wa paja, huusukuma hadi moyoni, na huko huacha kizibo kidogo. Karibu nasi hapa Bujumbura, kazi hiyo hufanywa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Aliyeifungua njia hiyo mwaka 1929 alikuwa kijana wa miaka 24, Werner Forssmann.

Alizaliwa Berlin tarehe 29 Agosti 1904, wakati Usumbura, ndiyo Bujumbura yetu, ilipokuwa kituo cha jeshi la Wajerumani. Baba yake aliuawa vitani mwaka 1916. Akijifunza upasuaji katika hospitali ya mji mdogo wa Eberswalde, alisoma jinsi wataalamu wa Kifaransa walivyopitisha mrija katika mshipa wa shingo ya farasi hadi moyoni. Akaomba kujaribu kwa mwanadamu. Mkubwa wake akakataa katakata.

Ndugu askari, ninyi mwajua uzito wa amri, nasi hatumsifu kwa kuivunja. Vifaa vilitunzwa na muuguzi Gerda Ditzen, ambaye alikubali kuvitoa akidhani yeye ndiye atakayejaribiwa. Forssmann akamfunga mezani, kisha kwa siri akajitia ganzi, akakata mkono wake wa kushoto na kuusukuma mrija sentimita 65. Ndipo alipomfungua, wakashuka ngazi hadi chumba cha eksirei, mrija ungali mwilini. Picha ikaonyesha ncha yake imo moyoni.

Malipo yake yalikuwa kufukuzwa katika hospitali ya Charité, Berlin. Akageukia maradhi ya njia ya mkojo. Wala tusifiche kwamba mwaka 1932 alijiunga na chama cha Hitler. Katika Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi mwenye cheo cha meja, akatekwa na Wamarekani, na baada ya vita alizuiwa kutibu kwa muda.

Huko Marekani, André Cournand na Dickinson Richards walikuwa wameiendeleza njia yake. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel. Habari ilimkuta Bad Kreuznach, daktari asiyejulikana sana. Mwaka 1967 Mjerumani mwingine, Werner Porstmann, aliziba kwa mrija mshipa wa karibu na moyo ambao hupaswa kujifunga mtoto azaliwapo. Forssmann aliishi kuyaona hayo. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 1 Juni 1979.