Helmholtz: Daktari wa Jeshi Aliyeifahamu Pumzi ya Hewa

Askari aendeshaye gari la kazi kutoka Juba hadi Nimule, mwendo wa kilomita 192, huitegemea pumzi ya injini yake kama atakavyoyategemea mapafu yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya elimu ya pumzi hiyo yatokana na mtu aliyefariki mwaka 1894, magari yalipokuwa bado machache duniani. Naye alianza kazi akiwa mwanajeshi.

Hermann von Helmholtz alizaliwa tarehe 31 Agosti 1821 katika mji wa Potsdam, Ujerumani. Baba yake alikuwa mwalimu mwenye mshahara mdogo. Kijana alipenda fizikia, lakini nyumbani hapakuwa na fedha za kumsomesha. Hivyo mwaka 1838 aliingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Berlin. Serikali ilimlipia masomo kwa sharti kwamba atumikie jeshi kwa miaka minane.

Mwaka 1843 alipelekwa Potsdam, katika kikosi cha askari wapanda farasi. Hakuuhesabu utumishi huo kuwa kifungo. Ndani ya kambi alijitengenezea maabara ndogo, na saa zilizobaki baada ya kuwatibu askari alizitumia kwa uchunguzi. Mwaka 1847, akiwa bado daktari wa jeshi, alitoa maelezo yake mashuhuri kwamba nishati haipotei bali hubadilika umbo. Mwaka uliofuata serikali ilimwachia kabla ya muda wake kwisha, ili afundishe. Mwaka 1851 alitangaza chombo cha kutazamia ndani ya jicho, ambacho madaktari wangali wakikitumia.

Baadaye aligeukia sauti. Alitumia vyombo vya mviringo vilivyo wazi ndani, vyenye shingo fupi, na akaonyesha kwamba kila kimoja huitikia sauti moja tu iliyo yake. Mwaka 1863 alichapisha kitabu kikubwa juu ya jambo hilo. Hata chupa tupu hulithibitisha: ukipuliza mdomoni mwake huvuma, na ukitia maji kidogo mvumo hupanda. Hewa iliyo shingoni husukumwa na kurudishwa na hewa iliyo tumboni, kama uzito uliofungwa kwenye springi. Mwitikio huo huitwa rezonansi.

Injini nayo ina shingo na tumbo: bomba la kuingizia hewa, na silinda. Injini ya mapigo manne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila vali ya hewa hufunguka mara 25 kwa sekunde. Vali ifungapo, hewa iliyokuwa mbioni hugonga, nayo mawimbi ya msukumo huenda na kurudi bombani. Yakifika vali inapofunguka tena, hewa zaidi huingia na nguvu huongezeka. Bomba refu hufaa mzunguko wa polepole. Bomba fupi hufaa mzunguko wa kasi. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani iliuza magari yenye mabomba marefu yaliyokatiza juu ya injini kwa kusudi hilo hilo.

Yafaa madereva na mafundi wa vikosi walizingatie jambo hili. Katika magari mengi, kisanduku kitupu kilichounganishwa ubavuni mwa bomba la hewa ni chombo cha Helmholtz, kilichowekwa kutuliza ngurumo. Akiondoaye akidhani hakina kazi hupata kelele; na akiacha tundu baada ya chujio, vumbi la barabara huingia moja kwa moja na kuzila silinda. Gari likifia njiani katika doria, wanaolipia ni wale wanaongoja msaada.

Tangu mwaka 1871 Helmholtz alifundisha fizikia mjini Berlin. Mwanafunzi wake Heinrich Hertz ndiye aliyethibitisha kuwapo kwa mawimbi ambayo leo hubeba sauti katika redio za askari. Helmholtz alifariki tarehe 8 Septemba 1894.

Umaskini ulimpeleka jeshini, lakini haukumzuia kujifunza. Kambi iliyompa zamu na amri ilimpa pia nafasi ya kufikiri, naye hakuipoteza. Askari wa leo, awe karakanani au zamuni, anayo nafasi kama hiyo.