Michael Graham: Bwana Aliyepima Macho ya Nyavu

Ukifika sokoni Ukunda siku hizi hutakosa kuwaona samaki wa maji baridi wamelazwa juu ya barafu. Wengine hutoka Kisumu na wengine hutoka mbali zaidi, hata Uchina. Ukimwuliza mchuuzi jina la samaki huyo, aghalabu atakujibu kuwa ni ngege. Nasi watu wa pwani, ambao ujuzi wetu ni wa changu, tafi na nguru, hatuna la kubisha.

Lakini mjuzi wa mambo ya ziwa atatikisa kichwa. Samaki huyo kwa kawaida si ngege. Ni sato, mgeni aliyetiwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950. Ngege wa asili amekuwa adimu mno, na vijana wengi wa huko hawajapata kumwona. Jina limebaki, mwenyewe ameondoka.

Leo nataka kusimulia maisha ya mtu aliyemkuta ngege angali ndiye samaki wa biashara mkubwa wa ziwa lile, akamtia katika vitabu vya elimu, na akaonya mapema juu ya mwisho wake. Jina lake ni Michael Graham. Wataalamu wa uvuvi duniani kote wamjua, lakini huku kwetu jina lake halitajwi.

Bwana Graham alizaliwa Uingereza mwaka 1898. Ujana wake wa kazi aliupitisha Lowestoft, bandari ya wavuvi wa Bahari ya Kaskazini, katika maabara ya serikali ya kuchunguza samaki. Huko alikuta somo ambalo halikutungwa na mwalimu yeyote. Katika vita vya 1914 hadi 1918 uvuvi ulipungua sana, kwa kuwa bahari ilikuwa na hatari na mashua nyingi zilitwaliwa kwa kazi za kivita. Vita vilipokwisha, wavuvi waliporudi walikuta samaki wengi na wakubwa. Haikupita miaka mingi, neema ile ikapungua tena. Bahari ilikuwa imepumzishwa bila kukusudia, ikapona. Ilipochoshwa upya ikaugua upya.

Akiwa na somo hilo kichwani, Graham alitumwa Afrika Mashariki mwaka 1927. Hapa yafaa nieleze kilichomleta. Reli iliyoanzia Mombasa kwetu ilifika ziwani mwaka 1901, na samaki aliyekuwa chakula cha kijiji akapata njia ya kuwa bidhaa. Mwaka 1905 zikaingia nyavu za kutega za kitani kutoka Ulaya. Wenyeji wa ziwa walikuwa na madema yao na vizuizi vyao vya mafunjo, lakini nyavu mpya zilizidi vyote kwa wingi wa mavuno. Baada ya miaka ishirini wavuvi wa Ghuba ya Winam, iliyoitwa Kavirondo wakati ule, walianza kulalamika kuwa wavu haulipi kama zamani.

Graham alifanya uchunguzi katika miaka ya 1927 na 1928, akisaidiwa na kijana Edgar Barton Worthington, ambaye naye baadaye alipata sifa kubwa. Lile si ziwa la kuzungukwa kwa siku mbili. Ukubwa wake wakaribia kilomita za mraba 69,000. Walitega nyavu za macho mbalimbali, wakapima samaki, wakalinganisha mavuno ya mahali pavuliwapo sana na mahali pasipovuliwa sana. Mwaka 1928 Graham alimpa ngege jina la kitaalamu kwa Kilatini, lenye maana ya samaki anayefaa kuliwa. Hadi leo jina la Graham huandikwa kando ya jina hilo.

Ngege ana tabia ya ajabu katika uumbaji wa Mwenyezi Mungu. Mama huyaweka mayai yake kinywani, na vitoto vikishaanguliwa hujificha humo humo. Kwa hiyo wavu umkamatao mama mwenye kulea huchukua nyumba nzima kwa mara moja.

Ripoti yake ilitoka mwaka 1929. Alishauri nyavu za ngege zisiwe na macho ya chini ya inchi 5, yaani karibu sentimita 13, ili samaki mchanga apenye, akue na azae kabla ya kukamatwa. Alishauri ziwa lote, ingawa lilikuwa chini ya serikali tatu, liangaliwe kwa pamoja na hesabu ya samaki itunzwe. Tena alionya kuwa kumleta ziwani samaki mkubwa mwenye kula wenzake ni hatari kubwa, na kwamba lisifanywe jambo hilo bila uchunguzi mrefu.

Sheria ya inchi 5 ilipitishwa mapema katika miaka ya 1930. Idara moja ya uvuvi ya ziwa zima ilikuja mwaka 1947.

Graham mwenyewe alikuwa amekwisha rudi kwao. Mwaka 1935 alieleza kwa hesabu vipi bahari yaweza kuvuliwa bila kufilisika. Mwaka 1941 alitoa kitabu juu ya udongo na ukulima, na mwaka 1943 kitabu juu ya wavuvi. Fundisho lake kuu lilikuwa jepesi kueleweka: uvuvi usio na mpaka mwisho wake hauna faida. Mashua zitaongezeka, nyavu zitaongezeka, taabu itaongezeka, na kipato kitashuka. Tangu 1945 hadi 1958 alikuwa mkuu wa uchunguzi wa samaki huko Lowestoft, na chini yake ndipo vijana wawili, Beverton na Holt, walipoandika kitabu cha mwaka 1957 ambacho wataalamu wa uvuvi hukirejea mpaka sasa.

Huku ziwani mambo yalikwenda kinyume. Katika miaka ya 1950 zilikuja nyavu za nailoni, nyepesi na zenye kudumu kuliko za kitani. Wenye nyavu walitaka macho madogo zaidi, na kati ya 1956 na 1961 sheria ya inchi 5 ikaondolewa. Mwaka 1954 sangara, ambaye Kisumu humwita mbuta, alikuwa tayari ametiwa ziwani upande wa Uganda. Huyu ni samaki awezaye kupita kilo 100, na chakula chake ni samaki wenziwe. Ngege alikuwa amekwisha dhoofika kwa nyavu kabla sangara hajatamalaki.

Michael Graham alifariki mwaka 1972, miaka michache kabla ya sangara kulijaza ziwa. Katika miaka ya 1980 viwanda vilijengwa na minofu ikasafirishwa Ulaya. Siwezi kusema hakuna aliyefaidika, kwani fedha nyingi ziliingia. Lakini wataalamu hukadiria kuwa aina kama 200 za samaki wadogo zilitoweka. Ngege amesalia katika viziwa vya pembeni, kama Kanyaboli huko Siaya, alikohifadhiwa na vinamasi vya mafunjo.

Tuliosoma chuoni tunakikumbuka kisa cha watu wa mji wa kando ya bahari waliokatazwa kuvua siku ya Sabato. Samaki waliwajia wazi siku hiyo, na siku nyingine hawakuonekana. Wafasiri wasema baadhi yao walifanya hila: walitega Ijumaa wakakusanya Jumapili. Wengine waliwaonya. Wengine tena waliwauliza waonyaji, kwa nini kujisumbua na watu wasiosikia. Waonyaji walijibu kuwa wataka wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda watu wakaogopa. Waliookolewa ni wale waliokataza uovu.

Graham hakuwa wa dini yetu, tena alikuja kama mtumishi wa serikali ya kikoloni. Lakini kazi ya kuonya aliitimiza.

Sasa tuitazame pwani yetu, kutoka Diani hadi Msambweni na Vanga. Juya la kukokota lilipigwa marufuku mwaka 2001, na bado utaliona likivutwa, limejaa tafi wa urefu wa kidole. Mvutaji si mtu mwovu. Nyumbani ana watoto wangojao unga, na sheria isiyompa njia nyingine ya riziki haitamshika mkono. Hilo wakubwa wetu walijue. Lakini naye ajue kuwa tafi wale ndio unga wa mwakani.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ziwa lile kubwa lilioneshwa ufa mwaka 1929. Wetu tunauona kila asubuhi, maji yakitoka.